Leseni Moja, Nyumba Mbili

Kasulu, Jumatano, baada ya alasiri

Mwajuma mwanangu,

Salamu tumepeana tangu alfajiri hadi zimechuja, kwa hiyo sitakuuliza hali. Hali yako naisikia hapo uani, unabishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uende nayo Kibondo, wewe unasema karani hasafiri na sufuria kama mpishi wa harusi. Ichukue. Hilo ndilo agizo langu pekee. Mengine amekwisha kukupa mama yako, kuhusu maji ya kuchemsha, mlango wa kukomea na wanaume wa kuwakwepa. Angenibakizia hata moja ningelisema kwa ufasaha, lakini unamjua, hakubakiza.

Utashangaa baba anakuandikia barua wakati kati yetu kuna ukuta mmoja tu wa matofali mabichi, unaopitisha hata kikohozi. Sababu ni kwamba kinywa changu ni cha kuuzia chai. Kinajua "karibu mzee", kinajua "maandazi ya moto", siku hizi kimejifunza na "sukari hakuna, tuvumiliane". Likija jambo zito kinafanya mzaha kidogo, kisha kinatoka mbio. Mkono wangu ni mzito zaidi. Uliishia darasa la nne, hauna pa kukimbilia.

Tangu urudi kutoka shule umeniuliza mara mbili, "Baba, Mama Bukuru yuko wapi?" Mara ya kwanza nilikujibu amesafiri. Mara ya pili nikakuuliza kama umeshaoga. Msichana aliyemaliza kidato cha nne, anaulizwa na baba yake kama ameoga! Ulinitazama, ukaenda kuchota maji. Kule kunitazama ndiko kulikonikalisha kwenye karatasi hii.

Na kama ungekuwa unakwenda kufundisha watoto, au kufunga watu vidonda, huenda ningeendelea na safari yake ya uongo mpaka nizikwe nayo. Lakini kesho unakwenda kukaa kwenye meza ya leseni. Kipindupindu kilichelewa kufika upande wa Kibondo, na hoteli zao za chai zimefungwa baada ya zetu, kwa hiyo kule kazi ya kuwasamehe watu ada ya leseni inaanza mwezi ujao. Ndiyo maana wamemtaka karani mpya. Wewe utakuwa upande ule wa meza. Mimi nilisimama upande huu, na niliyoyafanya hapo hujaambiwa na mtu.

Mama Bukuru unamfahamu kama jirani aliyekuwa akikupa uji mama yako akikunyima. Ila hukujua mambo yetu ya karatasi. Alikuja mjini kutoka Kitanga baada ya kufiwa na mumewe, na wale mapacha wake, Bukuru mgongoni na Butoyi kifuani. Akafungua chumba chake cha chai ubavuni mwa changu, tukitenganishwa na ua wa matete. Watu walidhani tutagombana. Tutagombania nini? Wanavijiji wa siku ya soko walikwenda kwake, kwa sababu aliwaamkia kwa Kiha, salamu ndefu ya kuulizana mpaka mbuzi. Walimu na matabibu waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine walikuja kwangu, kwa sababu nina Kiswahili cha Ujiji na viti vyenye migongo. Chai yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Hilo nalikiri kwako leo, na ukimwambia mteja nitakukana.

Mwaka ule wa kwanza ada ya leseni ilitushinda wote wawili. Tukachanga, nusu kwa nusu, tukaenda ofisini pamoja. Karani akauliza leseni iandikwe jina la nani. Nikamtazama mwenzangu, akacheka. "Andika lake, mimi sijui kusoma. Jina langu litakaa hapo kama mgeni." Basi ikaandikwa Ramadhani Saidi, hoteli ya chai, nyumba moja. Tukatoka pale tukijiona wajanja wa mji.

Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo. Nilinunua fremu yenye kioo, nikaitundika karatasi ukutani. Bwana Leseni wa zamani, yule mnene wa baiskeli, alipokuwa akishuka kutoka ofisini, mji mzima ulimwona tangu kule kilimani, maana breki zake zilikuwa miguu yake mwenyewe. Anaingia kwangu, anasoma ukuta, anakunywa chai ya bure. Akitoka kwa mlango wa mbele kusalimiana na watu barazani, mimi naichomoa fremu, naipitisha juu ya matete, na Mama Bukuru anaipokea kwa kanga kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Bwana Leseni akiingia kwake anakuta karatasi iko ukutani, bado inacheza kwenye msumari.

Nadhani alijua. Mtu hawezi kusoma Ramadhani Saidi katika nyumba mbili, tena kwa mwandiko mmoja na doa moja la mafuta, asijue. Siku moja aliniambia, "Mzee Ramadhani, una ukoo mkubwa sana hapa mtaani." Nikamwongezea andazi.

Sikuelezi haya ili ucheke tu, ingawa ukicheka si vibaya. Nataka uone tulivyokuwa tunaifikiria ile karatasi. Kwetu ilikuwa kitu cha kumwonyesha mtu ili aende zake, kama unavyomtupia mbwa mfupa. Haikutupitia akilini hata siku moja kwamba kheri inaweza kuja mjini na kumtafuta mtu kwa kufuata jina lililoandikwa humo. Shari tuliitarajia, tukajipanga nayo. Kheri hatukuiwekea mlango.

Kisha ukaja ugonjwa. Wewe ulikuwa shuleni, mkazuiwa kutoka, nami nikashukuru. Ugonjwa ulipanda kutoka ziwani. Kwanza migebuka, wale samaki wa ziwa, ikakoma kuletwa, halafu magari yakazuiwa njiani, halafu Bwana Afya akapita na chokaa na orodha. Hoteli zote za chai zikafungwa, na vilabu vya pombe, na wauza uji na supu. Tulizika watu bila matanga, tumesimama mbalimbali kama tuliogombana. Mama Bukuru na mimi tulikaa kila mtu kwenye kizingiti chake, na matete katikati, tukitazama barabara isiyo na mtu. Alikuwa akinitania, "Baba Mwajuma, leo umeuza ngapi?" Namjibu, "Nimemaliza zote, hata ya kukuonjesha wewe nimekosa." Siku nyingine hakutania.

Siku gari la wilaya lilipopita na kipaza sauti, tulitoka sote barazani. Likatangaza kwamba wenye hoteli za chai na wauza vyakula waliofungiwa kwa sababu ya ugonjwa, kama wana leseni, mwaka unaokuja hawatatozwa ada, na maradhi yakipungua watafungua nafasi zao zilezile. Waende ofisini na karatasi zao waandikwe. Wasio na leseni wasifungue. Leseni mpya za chakula hazitatolewa mjini mpaka itangazwe tena, na wenye nguvu warudi vijijini wakalime.

Mama Bukuru hakusikia hayo ya mwisho, au aliyasikia akaona hayamhusu. Alipiga makofi, akaja mpaka kwenye ua.

"Baba Mwajuma, umesikia? Karatasi yetu imezaa!"

"Imezaa pacha," nikamwambia, "imekuiga wewe."

"Sasa wewe ndiye mwenye Kiswahili. Utamweleza yule bwana kwamba tuko wawili."

"Nitaeleza mpaka aombe maji ya kunywa."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, Mwajuma. Niliyasema kwa sauti, nikiwa nimejishika kiuno.

Asubuhi yake tulikwenda. Alivaa ile kanga yake ya Idi, yeye Mkristo, aliyopewa na mama yako. Tulipanga foleni, mimi mbele yeye nyuma yangu, karatasi nimeitoa kwenye fremu nimeikunja kifuani. Afisa alikuwa mpya, kijana mpole, mwenye kalamu mbili. Mbele yetu walikuwa ndugu wawili wanaouza supu chini ya soko. Mkubwa wao akaeleza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba leseni ni moja lakini wanauza sehemu mbili, na wote wawili wamefungiwa, kwa hiyo wote wawili wanaomba kusamehewa.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Akasema, "Leseni moja ni ya nyumba moja. Hii mmeivunjia sheria. Siwezi kuisamehe, inabidi niifute." Akaipiga muhuri mwekundu, akaiweka kando. Ndugu wale walibaki wamesimama. Yule mdogo akauliza, "Sasa tumesamehewa?" Akaambiwa apishe.

Nikawa mimi.

"Karibu, mzee. Leseni hii ni ya nyumba ngapi?"

Nilimsikia Mama Bukuru nyuma yangu akivuta kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kutajwa. Mwanangu, nimeuza maneno tangu ujana wangu. Nimemwuzia mtu chai iliyopoa akaondoka akinishukuru. Siku ile nilikuwa na neno moja tu.

"Moja," nikasema.

Akaandika. Akanionyesha mahali pa kutia sahihi, nami nikatia, kwa mwandiko mzuri hasa. Halafu akainua uso. "Na wewe mama? Leseni yako?"

Sikugeuka. Nilitazama ile kalamu yake ya pili, iliyolala bila kazi.

Mama Bukuru akasema, "Sina, bwana. Nimemsindikiza jirani."

Tulirudi pamoja, maana njia ni moja. Nilisubiri anitukane. Ningelipa kitu ili anitukane. Aliniambia mvua za mwaka huu zinaonekana zitachelewa, na nikakubali kwamba zitachelewa. Tulipofika kila mtu akaingia kwake.

Usije ukanifanya shujaa wa majuto. Sikurudi ofisini siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu nilirudi, tena baada ya mama yako kuacha kuniandalia chakula na kuanza kukiweka tu mezani. Yule afisa alinipa kiti. Nikamweleza yote, mchango wetu, matete, fremu, hata andazi la Bwana Leseni. Alicheka mahali panapochekesha. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, orodha imekwisha kwenda mkoani. Nikiyaandika haya unayosema, inabidi niifute yako. Na yake haitaota hapo ilipofutwa yako, kwa sababu mpya hatutoi. Mtakuwa wawili mliofungiwa badala ya mmoja. Ndivyo unavyotaka?"

"Hakuna mahali pengine pa kuandika?"

Akanigeuzia fomu niione mwenyewe. Jina, mahali, aina ya biashara, idadi ya nyumba, sahihi. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Nenda ukafikiri," akaniambia.

Mwajuma, bado nafikiri.

Nilimwambia Mama Bukuru aje apike kwangu, tugawane sawa kwa sawa. Alikuwa akifunga masufuria yake kwa kamba. "Nije nikuchemshie chai huku natazama mlango wangu uliofungwa, hatua kumi tu? Hapana, Baba Mwajuma. Kitanga nitaona jembe tu, na jembe halina jina la mtu." Butoyi alikuja na baiskeli kumchukua. Nilisaidia kufunga mzigo. Nilifunga vibaya, ukaanguka mara mbili, akanitazama akatikisa kichwa kama zamani, na kwa kitambo kidogo nilidhani tumerudi tulipokuwa.

Nafungua tangu maradhi yapungue. Wanavijiji wa siku ya soko wanaukuta mlango wake umefungwa, wanakuja kwangu. Hawajui wakaeje kwenye viti vyenye migongo. Najaribu kuwaamkia kwa Kiha chao, naishia kwenye watoto, sijafika kwenye mbuzi. Biashara ni nzuri, mwanangu. Haijawahi kuwa nzuri hivi. Sanduku lako na viatu vyako vimetoka humo, na sikwambii hivyo ili vikubane. Nakwambia kwa sababu utakapokuwa huko utasikia watu wakisema fulani alipata msamaha wa serikali, bahati yake. Ni kweli. Nami nilipata.

Juu ya kazi yako sina la kukufundisha, maana meza sijawahi kukalia. Nina machache tu niliyoyaona nikiwa nimesimama. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu sana kumfanya awe mbaya, ingenipunguzia mzigo, lakini alinipa kiti. Na sisi hatukuwa waongo wa kuzaliwa. Yule mwenye supu alisema kweli, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona kweli ilivyomfanya. Mtu anapofika mezani kwako huwa ameshajibu kabla hujamwuliza. Amemtazama aliyemtangulia. Utafanya nini na hilo, sijui. Labda hakuna la kufanya. Nimelizungusha kichwani miezi hii yote na kila nikilishika linaniponyoka.

Jumamosi iliyopita, nilipokuaga nakwenda kutafuta kuni, nilikwenda Kitanga. Baiskeli ya kuazima, mnyororo ulitoka mara tatu, nikafika mikono myeusi kama fundi. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Amahoro, Mama Bukuru."

"Amahoro. Umekuja kukagua leseni?"

"Nimekuja kukuona."

"Umeniona. Nimenenepa?"

"Umekonda."

"Ndiyo maana wewe hujaoa wa pili. Hujui kuongea na wanawake."

Akanipa kigoda, akanipa ugali wa muhogo na maharage. Nilikula mpaka nikamaliza, kwa sababu nilijua nikimaliza itabidi niseme. Nikasema. Nilisema vizuri, nadhani, maana machozi yalinitoka, na sikuongeza mzaha hata mmoja. Nikamwomba anisamehe.

Alipepeta kidogo. "Nikikusamehe leo, utarudi Kasulu utalala usingizi," akasema. "Kaa nalo kwanza. Mimi nakaa nalo."

Hakulisema kwa hasira. Aliniongezea maji ya kunawa.

Kisha akaniuliza habari zako. Nikamwambia mwana wake wa uji amekuwa karani, anakwenda Kibondo, kwenye leseni. Aliacha kupepeta. "Mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu, "mezani kabisa?" Nikamwambia mezani kabisa. Akafurahi, Mwajuma, alifurahi kweli, akapiga makofi kama siku ile ya kipaza sauti. Halafu akaokota vijiwe kwenye maharage, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kiganja.

"Nina mdogo wangu Busunzu, huko huko Kibondo," akasema. "Anauza uji wa ulezi njiapanda. Wako watatu kwenye karatasi moja. Jina ni la shemeji yetu."

Nilingoja aendelee. Alivitupa vile vijiwe.

"Anaitwa Nyandwi," akasema, akaanza kunionyesha njia ya mkato ya kurudia.

Sikumwahidi kitu. Na wewe sikuombi kitu, sikia vizuri. Sikuombi uipinde sheria ya watu wiki yako ya kwanza, ukafukuzwa, ukarudi hapa na sufuria. Wala sikwambii uishike. Ningejua cha kukushauri ningekuwa nimekwisha kukifanya mwenyewe. Atakuja na kanga yake nzuri, yeye au yule shemeji, na wengine nyuma yao. Utauliza nyumba ngapi kwa sababu fomu inauliza. Atakujibu moja.

Anaitwa Nyandwi.

Mama yako ananiita nije niamue juu ya sufuria. Nakwenda kushindwa.

Baba yako,
Ramadhani